Viungo havijavimba ila mikono inawaka moto: kisa cha mama fundi cherehani mwenye baridi yabisi

Huyu mama ana miaka 54, ni fundi cherehani hapa Tanga, na ana baridi yabisi mwaka wa tisa sasa, ile ya rumatoidi ambayo kinga ya mwili wenyewe inageuka inashambulia viungo, sio ile watu wanasema umelala sakafuni ukapigwa na baridi. Alikuja kwetu fizio na kikaratasi kimeandikwa mazoezi ya mikono, baridi yabisi kali, na kwenye mkoba ana prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza kinga na uvimbe) ya mwezi mzima na diklofenaki, vidonge vya maumivu, za duka la dawa. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, sio daktari, dawa siandiki, ila sisi tuna kitu kimoja ambacho daktari mwenye foleni mpaka nje ya mlango hana, nacho ni muda wa kukaa na mtu na kumshika mikono. Nimeamua kukiandika hiki kisa chote, mwenyewe amekubali na vitu vya kumtambulisha nimevibadilisha, kwa sababu naamini wako wengi sana wanaumwa hivi hivi na wanaongezewa dawa ya viungo wakati kinacholia ni neva.

Historia yake kwa kifupi. Ugonjwa ulimuanza ana miaka 45, vidole vya mikono yote miwili vikavimba, asubuhi anaamka mikono imekakamaa haikunji mpaka saa nne, baadae magoti, baadae vifundo vya mikono. Alizunguka kama wengi wanavyozunguka, mara aambiwe gauti, mara taifodi, mwisho hospitali ya rufaa wakampima vizuri akaanzishiwa methotreksati, dawa kuu ya kuituliza rumatoidi, 15 mg mara moja kwa wiki (narudia, mara moja kwa WIKI, hii dawa ukiinywa kila siku inaweza kukuua), foliki asidi, na prednisoloni 5 mg. Na zikamkubali. Kwa miaka akashona sare za shule, madera, magauni ya harusi, bila shida kubwa. Hayuko peke yake kwenye huu ugonjwa, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kuna watu milioni 18 duniani wanaishi nao na kama 70% ni wanawake, yani ni watu wa aina yake kabisa, mama wa makamo ambaye mikono yake ndo riziki yake.

Kama mwaka na nusu kabla hajafika kwetu mikono ikaanza tena kumsumbua. Yeye mwenyewe akasema ugonjwa umerudi, nyumbani wakasema umerudi, kliniki alikokuwa anahudhuria wakasema umerudi, prednisoloni ikapandishwa kwenda 10 alafu 20. Kila ikipandishwa anapata nafuu wiki mbili tatu hivi alafu hali inarudi pale pale, ndo akaanza kujiongezea diklofenaki dukani asubuhi na jioni, tumbo likaanza kuungua, akachomwa zile sindano za vitamini B ambazo watu wanaziita za neva, akaenda na kwa mchua viungo. Mwaka na nusu mzima hamna aliyemuuliza maumivu yenyewe yakoje na yanakuja saa ngapi.

Hapo ndo nataka nikae kidogo maana kisa kizima kiko hapo. Nilimsalimia shikamoo mama, akaniitikia marahaba mwanangu, nikamwambia leo mazoezi hatufanyi kwanza, nieleze siku yako kuanzia unapoamka. Akasema asubuhi wala sio mbaya sana, mikono mizito kama dakika kumi na tano hivi alafu inalegea. Nikashangaa, kwa sababu baridi yabisi ikiwa imewaka kweli mtu anakakamaa zaidi ya saa nzima, na hivo ndivyo alivyokuwa yeye miaka ile ya mwanzo, anakumbuka vizuri. Nikamuuliza sasa ubaya uko wapi, akasema usiku. Saa nane za usiku anashtuka mikono inawaka kama kamenya pilipili, vidole vimekufa ganzi, inabidi akae kitandani aikung'ute mikono chini mpaka ganzi iachie, akilala tena baada ya saa moja hali inarudi, kuna siku anaishia kulala ameketi na mkono unaning'inia. Mchana ikimshika ni pale anaposhika simu muda mrefu au anaposukuma kitambaa kwenye mashine, na kutia uzi kwenye tundu la sindano siku hizi anafanyiwa na binti yake, sio kwamba haoni, hapana, sindano anaishika ila haisikii iko wapi kati ya vidole.

Nikamwambia funga macho nionyeshe vidole gani vinakufa ganzi. Akagusa gumba, cha shahada, cha kati, akafika cha pete akasita, akasema huku upande huu ndio, huku hapana. Cha mwisho akakiacha kabisa.

Viungo vya vidole havijui mpaka wa aina hiyo. Kiungo kikivimba kinauma pale kilipo pande zote, hakiwezi kuuma nusu ya kidole cha pete na nusu nyingine ikaachwa salama. Neva inaweza, kwa sababu kila neva ina eneo lake la ngozi. Neva ya mediani ndo inahudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, ile nusu nyingine na kidole cha mwisho ni vya neva ya alna ambayo inapita nyuma ya kiwiko. Yule mama bila kujua alikuwa amenichorea ramani ya neva ya mediani kwenye mkono wake mwenyewe, mikono yote miwili, wa kulia zaidi.

Hii neva inapita kwenye kinjia chembamba mbele ya kifundo cha mkono, chini na pembeni ni mifupa, juu kuna mshipi mgumu usiotanuka, na humo humo ndani kuna kano 9 za kukunja vidole zinapita pamoja na hiyo neva moja. Kila kano ina utando laini unaoizunguka na huo utando ni aina ile ile ambayo rumatoidi inapenda kuushambulia, ukivimba hata kidogo nafasi inakwisha na anayebanwa ni neva kwa sababu ndo laini kuliko vyote mle ndani. Usiku mtu analala amekunja mkono, nafasi inapungua zaidi, ndo maana saa nane. Wataalamu wanaita kapo taneli. Mtu asiye na baridi yabisi pia anaipata, mjamzito anaipata, mwenye kisukari, mwenye shida ya tezi la shingo, ila kwenye rumatoidi ni ya kawaida sana na wakati mwingine ndo dalili ya mwanzo kabisa kabla hata vidole havijavimba.

Kumpima sasa. Nilibonyeza kiungo kimoja kimoja. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevimba, kina ule ulaini wa utando uliojaa, hicho nilikubali. Vingine vyote vimelala, vigumu, vina makovu ya zamani lakini havijavimba, havina joto. Ila kila nikiminya anasema aa. Kile kipimo cha kukunja vifundo vyote viwili sekunde 60 tunachotumia sana hakikufaa kwake, vifundo vya mtu wa miaka tisa ya rumatoidi havikunji mpaka mwisho na ukikitegemea utasema hana kitu, kwahiyo nikabonyeza kwa gumba moja kwa moja juu ya kile kinjia na kushikilia, kinachotakiwa ni sekunde 30, yeye hazikufika hata 15 akasema ndo yenyewe hiyo hiyo ya usiku. Pamba nikipitisha kwenye ncha ya kidole cha shahada anaisikia kwa mbali, kwenye kidole cha mwisho anaisikia vizuri. Alafu nikaangalia kile kilichonihuzunisha, nyama ya chini ya kidole gumba mkono wa kulia imebonyea, kuna bonde pale ambapo kwa mtu mzima kuna kilima. Maana yake neva imebanwa muda mrefu mpaka misuli inayoitegemea imeanza kufa, na misuli ikishakufa kurudi ni bahati.

Kuna dodoso la Wafaransa la mwaka 2005 linaitwa DN4, lina vipengele 10, saba ni vya kumuuliza mtu (kuwaka, baridi inayouma, shoti ya umeme, kutekenya, kuchomachoma kama sindano, ganzi, kuwasha) na vitatu ni vya kumpima kwenye ngozi, ukifika 4 basi uwezekano wa neva ni mkubwa. Mikono yake ilitoa 7. Halihitaji mashine, linahitaji dakika tano na pamba na kijiti, kwakweli natamani liwe kwenye kila chumba cha kliniki ya baridi yabisi.

Sasa kwanini kliniki waliona ugonjwa umewaka? Sio uzembe tu, kuna hesabu inayodanganya na lazima niieleze. Kuna alama inaitwa DAS28, ndo inatumika dunia nzima kupima rumatoidi imefika wapi, inachukua viungo 28, inahesabu vinavyouma ukivibonyeza na vilivyovimba, inaongeza ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha kama kuna uvimbe unaowaka mwilini, na mwisho mgonjwa mwenyewe anajipa namba kati ya 0 na 100 anavyojisikia. Yeye faili lilikuwa linaonyesha vinavyouma 9, vilivyovimba 1, ESR 22, na kajipa 80. Ukipiga hesabu inakuja 5.2, na juu ya 5.1 inahesabiwa ugonjwa mkali. Lakini tazama namba zenyewe, ESR 22 kwa mama wa umri huo ni ya kawaida, uvimbe ni kiungo kimoja, kinachopandisha ni vile vinavyouma 9 na ile 80, yani maumivu tupu, na maumivu hesabu haijui yametoka wapi. Neva ikiwaka mtu anaumia ukimshika popote pale mkononi, na usiku halali, utegemee ajipe 10? Kwahiyo ukiona pengo kubwa hivi kati ya vinavyouma na vilivyovimba ndo pa kusimama kwanza kabla ya kuandika dawa yoyote. Na pia hiyo DAS28 haihesabu nyayo wala vifundo vya miguu kabisa, kitu ambacho kwa huyu mama kilikuwa na maana yake, nitafika.

Kabla ya miguu nilienda shingoni. Hii ni kanuni kwangu, mtu wa rumatoidi ya muda mrefu akisema mikono ina ganzi shingo lazima iulizwe, maana rumatoidi inaweza kula kile kimshipi kinachoshikilia pingili ya kwanza na ya pili ya shingo, pingili zikaanza kuteleza na kubana uti wa mgongo wenyewe, na hapo mtu anaweza kupooza. Nilimuuliza ukiinamisha kichwa unasikia shoti inashuka mgongoni? Hapana. Unapepesuka ukitembea? Hapana. Mkojo unakutoka au unazuia kutoka? Hapana. Ila kisogo kinamuuma akipiga pasi muda mrefu, na yule mchua viungo alikuwa anamalizia kwa kumzungusha shingo mpaka ilie. Niliposikia hivo nilimkataza pale pale, na nasema kwa yeyote mwenye rumatoidi anayesoma hapa, wanaume mnaozungushwa shingo kwenye vinyozi nanyi mmo, shingo yako isizungushwe na mtu yeyote, kuchuliwa mabega sawa, kukunjwa shingo hapana. Daktari akamwandikia picha ya shingo ya ubavuni, moja ameinama na moja ameinuka, maana ile ya kusimama wima tu inaweza kuonyesha safi wakati pingili zinateleza mtu akiinama. Nafasi pale mbele kati ya hizo pingili mbili ilikuwa 2 mm, kwa mtu mzima mpaka 3 mm ni sawa. Tukashukuru Mungu tukaendelea.

Miguu. Wakati anavua ndala apande kitandani kwangu niliona ndala ya kulia imebaki njiani na yeye hana habari. Nikamuuliza, akacheka akasema hiyo kawaida, ndala zinamtoka mwenyewe hajui. Unyayo unawaka usiku pia, shuka likimgusa anaumia, mchana anahisi kama anatembea juu ya sponji. Hajawahi kusema kliniki kwa sababu aliona yote ni baridi yabisi hiyo hiyo, na kliniki hawakuangalia kwa sababu, nilivyosema, miguu haimo kwenye hesabu. Nilipima na ule uzi wa plastiki wa gramu 10, sehemu kadhaa za nyayo zote mbili hakusikia. Uma wa mtetemo kwenye kidole gumba cha mguu hakusikia, kwenye goti anasikia. Nyundo kwenye kisigino, hamna kitu. Pande mbili sawa, kuanzia vidoleni kupanda, kama soksi. Hii sasa sio neva moja kubanwa mahali, hii ni neva ndefu za mwili zinaharibika kuanzia ncha.

Na hapa lazima nitaje ile ya hatari ambayo yeye hakuwa nayo. Rumatoidi ya miaka mingi inaweza kushambulia mishipa midogo ya damu inayolisha neva, mtu anaamka mguu mmoja umeanguka hauwezi kuinua kidole, au mkono umelegea kwenye kifundo, na maumivu makali, baada ya siku chache neva nyingine mahali pengine kabisa, pengine na vidonda miguuni na kukonda. Hiyo sio ya kusubiri tarehe ya kliniki, ni ya kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Yeye alikuwa anainua miguu vizuri, vidonda hana, na ilimjia taratibu pande zote sawa, kwahiyo tukaangalia kwingine.

Barua niliyomwandikia daktari iliuliza vitu vichache, kubwa ni sukari. Mama yake mzazi alikuwa na kisukari. Na yeye yuko kwenye prednisoloni miaka tisa, miezi ya karibuni 20 mg kwa siku, dawa inayopandisha sukari na kila mtu anajua. Ikaja 9.4 mmol/L kabla ya kula, na kuanzia 7.0 inahesabiwa kisukari, wakarudia siku nyingine ikawa juu tena. Figo nzuri, tezi nzuri, virusi hana, dawa za kifua kikuu hajawahi kutumia (isoniazidi inamaliza vitamini B6 mwilini na kuleta moto huu huu wa nyayo). Zile sindano za vitamini pia daktari alizizuia, kwa sababu B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu neva, watu wengi hawalijui hili wanaona vitamini haina madhara.

Kwahiyo ukiunganisha, mzunguko wenyewe ulikuwa hivi. Neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono, anaumwa, maumivu yanahesabiwa ni viungo, anaongezewa prednisoloni, prednisoloni inapunguza uvimbe wa ule utando kwa wiki mbili tatu ndo maana anapata ile nafuu, na nafuu inamdanganya kila mtu kwamba tumepatia, huku nyuma sukari inapanda, sukari inaumiza neva za miguu na inafanya hata ile ya mkononi iliyobanwa iwe dhaifu zaidi, anaumwa zaidi, anaongezewa tena. Siwezi kusema prednisoloni peke yake ndo ilileta kisukari, damu ya kwao ina kisukari, na inawezekana sukari ilikuwa inapanda polepole miaka mingi, na rumatoidi yenyewe bila sukari inaweza kuleta ganzi ya soksi pia. Ila kuongeza 10 na 20 mg kwa ajili ya viungo ambavyo havijavimba hakukumsaidia, na hilo nalisema wazi.

Matibabu yalienda kwa hatua. Prednisoloni ikashushwa 2.5 mg kila wiki mbili kurudi 5, sio kuachwa ghafla, maana mwili uliokunywa hii dawa miaka unaacha kutengeneza ya kwake na ukikata siku moja mtu anaweza kuanguka akafa. Diklofenaki ikasimama, tumbo lenyewe lilishakataa na kwenye maumivu ya neva haifanyi kazi ya maana, hizi dawa zinafanya kazi kwenye uvimbe. Metfomini, dawa ya kushusha sukari, ikaanza. Kwa ajili ya neva akapewa amitriptilini 10 mg jioni, baadae 25. Hapo tulipata kikwazo, binti yake alisoma mtandaoni kwamba ni dawa ya sonona, mama akaja amenuna, mwanangu mmeniona mi nimechanganyikiwa? Na ana haki ya kuuliza, hamna aliyemueleza. Nikamueleza kwamba ndio ilianza kama dawa ya sonona, na kwa dozi ndogo hivi inatuliza zile ishara zinazopanda kutoka kwenye neva kwenda kwenye ubongo, haina uhusiano na akili yake, itamkausha mdomo, itamletea usingizi mpaka asubuhi siku za mwanzo, choo kinaweza kuwa kigumu, na kazi yake haionekani siku moja, ni ya kuipa wiki kadhaa. Mwenye shida ya moyo au presha ya macho daktari hatampa hiyo, zipo gabapentini na nyingine. Ilipoeleweka akaendelea nayo.

Mimi nilimtengenezea splinti za usiku, yani vishikizo vigumu vya kuvaa kifundoni, mikono yote miwili, kifundo kikae kimenyooka sawa, kisikunjwe wala kisiinuliwe. Watu wengi wanafunga zile bendeji za elastiki za dukani na kukaza kweli kweli, hizo zinaongeza kubana, haitakiwi. Mchana anavua kabisa, viungo vya rumatoidi vikifungwa mchana kutwa vinakakamaa na misuli inaisha. Cherehani tuliinua meza kidogo ili asikunje kifundo akisukuma kitambaa, na mkasi akabadilisha akachukua wa mpini mnene. Nyumbani nilimpiga marufuku kuloweka miguu kwenye maji moto ya chumvi, alikuwa anafanya kila jioni, mguu usiosikia hauwezi kukuambia maji yameunguza, tumeona wanaokuja na malengelenge wanauliza yametoka wapi. Ndala zikabadilishwa na viatu vya mkanda nyuma.

Mkono wa kulia haukuwa wa splinti peke yake. Nyama ikishabonyea vile unasubiri nini, akapelekwa kwa daktari wa upasuaji wa mifupa, akafunguliwa ule mshipi kwa ganzi ya mkono tu, dakika chache, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ganzi ya mkono tu ilikuwa na faida nyingine, mwenye rumatoidi akilazwa usingizi kamili shingo inakunjwa nyuma kuingiza mpira wa hewa, na shingo isiyojulikana hali yake ni hatari, ile picha tuliyopiga ingesaidia na hapo pia kama ingehitajika. Methotreksati hawakuisimamisha. Walichosisitiza ni sukari iwe imeshuka kwanza ndo akatwe, ili kidonda kipone.

Usiku wa tatu baada ya kufunguliwa alilala mpaka adhana ya alfajiri, mkono wa kulia haukumwamsha. Hii ndo sehemu ya haraka, kuwaka kwa usiku kunaachia mapema. Ganzi ya ncha za vidole ilichukua miezi, na mpaka sasa miezi saba baadae cha kati bado kizito kidogo. Gumba nguvu imerudi nusu, lile bonde bado lipo, daktari alimwambia mapema kwamba linaweza lisijae tena, na angefika mwaka mmoja nyuma hadithi ingekuwa nyingine. Uzi kwenye sindano anatia mwenyewe siku za mchana kukiwa na mwanga mzuri, jioni bado binti. Nyayo alikuwa anazipa 8 kati ya 10, sasa anazipa 4, shuka linavumilika, moto upo, na nimekuwa mkweli kwake kwamba za miguu hazitaondoka zote, tunachofanya ni kuzuia zisipande na kuzuia vidonda. Sukari inacheza kwenye 6 na 7.

DAS28 ya mwisho imekuja 3.7, vinavyouma 2, kilichovimba 1 kile kile, ESR 20, kajipa 35, na hapo prednisoloni iko 5 mg. Kwa dozi ndogo kuliko ile 20 aliyokuja nayo namba imeshuka, kwa sababu maumivu ya neva yametoka kwenye hesabu na kilichobaki ndo rumatoidi yenyewe. Na imebaki kweli, kile kifundo cha kushoto bado kina utando uliojaa, hicho ni cha viungo bila ubishi, na daktari amempandishia methotreksati kwenda 20 mg kwa wiki huku ini na damu vinapimwa. Tumekubaliana kungoja tuone kama uvimbe ukishuka neva ya upande huo itapumua yenyewe. Splinti ya kushoto anaendelea kuvaa kila usiku, nyama ya gumba upande huo bado imejaa, naipima kila akija, na siku nikiona imeanza kubonyea anaenda kufunguliwa na huo.